Kutibu Maji ya Kunywa kwa Vidonge vya Klorini

Kidonge cha kutibu maji kina sodiamu dikloroisosianureti, chumvi ambayo molekuli yake ina atomu mbili za klorini zilizoshikwa kwenye pete ya kaboni na nitrojeni. Ikiyeyuka, sehemu ya klorini huachiwa na kuwa asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo. Sehemu nyingine hubaki imeshikwa kwenye pete kama akiba, na huachiwa kadiri ile ya kwanza inavyotumika.

Soma kwanza maandishi ya pakiti. Kidonge cha miligramu 67 ni cha dumu la lita 20, na hutoa takriban miligramu 2 za klorini kwa lita. Cha miligramu 33 ni cha lita 10. Ukitia cha 67 kwenye ndoo ya lita 5, maji yatanuka mno, watoto watayakataa na kwenda kunywa yasiyotibiwa.

Maji ya tope ndiyo yanayowaangusha wengi. Udongo na majani yaliyooza hula klorini kabla haijawafikia bakteria. Acha maji yatuame, yamimine polepole ili mashapo yabaki chini, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yakiwa bado na ukungu, tia vidonge viwili.

Tumbukiza kidonge, kitachemka kwa viputo hadi kiishe. Funga dumu, tikisa, halafu legeza kifuniko kidogo na ulilaze ili maji yavuje na kuosha mdomo na nyuzi za kifuniko. Mikono hushika hapo kila siku, na wengi hupasahau. Subiri dakika 30, kisha nusa. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Isiposikika kabisa, klorini imeliwa yote: ongeza kidonge na usubiri tena dakika 30. Ndimu au juisi ya unga usitie kabla ya muda huo, kwani vitamini C huimaliza klorini.

Klorini haimwezi kimelea cha kriptosporidiamu, hivyo maji ya mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga dhaifu yachemshwe.

Vidonge vibaki kwenye pakiti yake, pakavu, mbali na watoto; havimezwi. Usivichanganye kamwe na unga wa klorini wala dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo waweza kulipuka au kutoa gesi ya sumu.