Paa Bapa la Jengo la Biashara: Kwa Nini Hujengwa na Namna ya Kulijenga Lisivuje

Mtu akipanda juu ya ghorofa yoyote ya Kariakoo, Dar es Salaam, na kutazama huku na huku, ataona kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita paa ni sakafu nyingine ya kazi. Kuna matangi meusi ya maji, mashine za viyoyozi, jenereta, minara ya simu, kamba za kuanikia nguo, na mara nyingi nondo za nguzo zilizoachwa zikichungulia ili mwenye jengo aongeze ghorofa siku fedha itakapopatikana. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kujenga jengo la namna hiyo, au aliyekwisha kulijenga na sasa analalamikiwa na wapangaji wa ghorofa ya juu. Neno ninalotaka alishike tangu mwanzo ni hili: paa la namna hii huitwa bapa, lakini likijengwa bapa kwelikweli litavuja.

Tuanze na sababu ya kulichagua. Nyumba ya kuishi yenye upana wa mita 8 hupauliwa kwa kenchi na mabati bila shida. Jengo la biashara huweza kuwa na upana wa mita 40, na ukiliwekea paa la mgongo lenye mwinuko wa nyuzi 30, kilele chake kitapanda zaidi ya mita 11 juu ya kuta, yaani kimo cha ghorofa tatu ambazo hakuna mtu atakayezipanga. Mbao, chuma na mabati ya kufunika nafasi hiyo tupu hulipiwa zote. Slabu ya zege, kwa upande wake, mafundi wamekwisha kuimwaga katika kila ghorofa ya chini, na hutumia mirunda, mbao za fomu na nondo zilezile zilizopo saiti. Ikiwa unajenga godauni la chini lisilobeba kitu juu yake, mabati yenye mteremko mdogo juu ya fremu za chuma yanakutosha, na sioni sababu ya kuingia gharama ya slabu. Paa bapa lina maana pale unapokusudia kulitumia.

Kwa hiyo amua mapema utalitumia kwa nini, na umwambie mhandisi kabla hajachora. Tangi la lita 5,000 likijaa lina maji ya tani 5, na uzito wote huo hukaa juu ya duara ambalo mtu huweza kulizunguka kwa hatua chache tu. Mahali pa mzigo wa namna hiyo ni juu ya nguzo au boriti kuu, si katikati ya slabu. Nimeona matangi yakihamishwa baada ya jengo kukamilika kwa sababu tu yalionekana vibaya kutoka barabarani. Usikubali jambo hilo bila kumrudia mhandisi.

Watu wa pwani hii wanalijua paa bapa tangu zamani. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilifunikwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, na juu kabisa chokaa iliyotwangwa ikashikana. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Mvua za masika ziliyasumbua mapaa hayo, na mengi ya Mji Mkongwe baadaye yalifunikwa kwa mabati. Tatizo tunaloshughulika nalo leo ni lilelile lililowashughulisha waashi wale: maji yaondoke kabla hayajapata nafasi ya kupenya.

Dawa ya kwanza ni mteremko. Kipimo cha chini kabisa kinachokubalika, baada ya kazi yote kukamilika, ni 1 kwa 80, yaani milimita 25 kwa kila mita 2. Lakini zege hulegea kidogo kati ya nguzo, na mkono wa fundi hauwezi kuwa sawasawa kila mahali, kwa hiyo mchoro unapaswa kuonyesha 1 kwa 40 ili kile kitakachopungua kibakishe cha kutosha. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Maji yakilazimika kusafiri mita 10 hadi kwenye tundu la kuyatolea kwa mteremko wa 1 kwa 40, sakafu ya mteremko, yaani tabaka la mchanga na saruji linalowekwa juu ya slabu, italazimika kupanda milimita 250, na unene huo wote ni mzigo, kwani kila sentimita 10 za mchanga na saruji zina uzito wa kilo 200 hivi kwa mita moja ya mraba. Ni afadhali kuinamisha slabu yenyewe wakati wa kumwaga. Ikiwa hilo haliwezekani, gawa paa katika vipande vidogo na uongeze matundu, maji yasisafiri zaidi ya mita 5.

Mteremko huu hauonekani kwa macho, na pimamaji fupi ya mkononi haitoshi. Tumia mpira wa maji, ule mrefu unaoonyesha maji ndani na ambao maji ya ncha zake mbili hukaa kimo kimoja: weka alama za kimo kwenye kuta zote za ukingo, yaani kuta fupi zinazolizunguka paa, vuta uzi kutoka kila alama hadi kwenye tundu, kisha jenga vishikizi vya saruji, yaani vipande vya kuongozea kimo, chini ya uzi huo na ujaze katikati yake. Siku moja nilimuuliza fundi mteremko uko wapi, akanijibu, "Upo, mzee, ila ni mdogo." Tukaleta ndoo ya maji tukaimwaga karibu na ukuta wa nyuma. Maji yalitembea mita mbili hivi, yakasimama, kisha yakaanza kurudi polepole kuelekea mlango wa ngazi. Sehemu hiyo ilivunjwa siku hiyohiyo, na fundi mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo. Ingegunduliwa baada ya karatasi za kinga ya maji kubandikwa, gharama ingekuwa mara nyingi zaidi.

Jambo la pili ni matundu. Ukuta wa ukingo hulifanya paa kuwa bakuli. Paa la mita 20 kwa 30 likipata mvua ya milimita 50, kiasi ambacho masika huleta katika siku moja bila kushangaza mtu, hupokea lita 30,000, sawa na tani 30. Weka matundu mawili au zaidi kwa kila eneo, ili moja likiziba jingine lifanye kazi, na toboa pia njia za dharura kwenye ukuta wa ukingo, chini kidogo ya kizingiti cha mlango wa ngazi. Jengo moja la ghorofa nne nililoitwa kulikagua baada ya masika lilikuwa na tundu moja tu, nalo lilikuwa limezibwa na majani ya mwembe na kiatu cha mtoto. Maji yalifika kimo cha goti. Chini yake palikuwa na duka la vitambaa, na majora ya vitenge yalikuwa yamelowa hadi safu ya tatu.

Kinga ya maji huja mwisho. Usidanganywe kwamba zege lililochanganywa vizuri halihitaji kitu: slabu ya mita 30 ikipata joto la ziada la nyuzi 20 hurefuka takriban milimita 6, usiku hurudi, na nyufa hupatikana hivyo. Sakafu ikishakauka kabisa, ipakwe lami ya awali, kisha karatasi za lami zibandikwe kwa moto zikipishana sentimita 10, kuanzia upande wa chini wa mteremko kwenda juu, ili maji yasikutane na mdomo wa karatasi. Pembe kati ya sakafu na ukuta zijazwe saruji ya mshazari, na karatasi ipande ukutani sentimita 15 au zaidi. Uvujaji mwingi niliouona ulianzia kwenye pembe hizo na kuzunguka mabomba, mara chache sana katikati ya uwanja.

Kisha ziba matundu, na kwa ruhusa ya mhandisi ujaze maji ya kina cha sentimita 5 kwa saa 48. Zunguka ghorofa ya chini asubuhi na jioni ukiwa na chaki, na kila doa la unyevu lichorewe mstari na kuandikwa saa. Usimlipe mkandarasi malipo ya mwisho kabla ya jaribio hilo.

Baada ya hapo, funguo za mlango wa paa zikae kwa mtu mmoja. Fundi wa viyoyozi au wa dishi akija na drili, asitoboe sakafu. Mashine zikae juu ya vitako vya zege vilivyojengwa kabla ya kubandika karatasi. Na mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, mtu apande na ufagio, asafishe matundu yote, na amwage ndoo moja ya maji katika kila tundu akisikiliza kama yanashuka bila kukwama.