Kupruvu lojiki bila kukariri, kwa dagaa wa Mwaloni

Wakuu, jana kwenye daladala ya Buhongwa nimeulizwa tena unapruvu vipi lojiki, yaani kuonyesha mstari kwa mstari kwamba jibu linatoka kwenye sentensi ulizopewa, nikaona bora niandike. Wengi mnaanzia juu mnashuka tu mnakwama mstari wa pili, mimi naanza kuangalia chini natakiwa nifike wapi ndo napanga njia.

Chukua dagaa wa Kirumba Mwaloni, lile soko la samaki la Mwanza. M ni mbalamwezi imewaka, V ni mitumbwi imevua, B ni bei imepanda. Dagaa wanavutwa na taa gizani, mwezi ukiwaka sana wavuvi wanalala. Tumepewa (→ isome "ikiwa hiki basi kile", ¬ isome "siyo"):

1. M → ¬V
2. ¬V → B
3. ¬B

Tupruvu ¬M. Ukiambiwa utafute "siyo" kitu fulani, mara nyingi dawa yake dhani hicho kitu kipo alafu subiri kigongane:

4. M (nadhani tu)
5. ¬V (1 na 4)
6. B (2 na 5)
7. B na ¬B, imegongana (6 na 3)
8. ¬M (nafunga dhana ya 4)

Sasa mstari wa 4 mpaka wa 7 visogeze ndani kidogo au chora kamstari pembeni, maana humo unaishi kwa mkopo wa M, ukishafunga huruhusiwi kurudi kuchota B ya mstari wa 6 ukaitumie nje. Hapo ndo maksi zinaliwa. Na kila mstari andika umetoka wapi, hata ule unaoona uko wazi kabisa.

MASWALI

Mdau: Nimekuta bei imepanda, si naandika M tu?
– Hapana dada yangu. Labda mvua imenyesha dagaa hawajakauka mchangani. Mshale unaenda upande mmoja, hauusomi kinyumenyume.

Mdau: Si nichore tu jedwali la kweli na uongo, nijaribu kila herufi ikiwa kweli na ikiwa uongo?
– Chora, herufi 3 ni mistari 8. Zikiwa 6 ni mistari 64, utaniambia mkono wako.

Mdau: Mkuu mbona bila kudhani inatoka? 2 na 3 zinanipa ¬¬V, hiyo na 1 inanipa ¬M.
– Duh umenishika, mistari miwili tu. Ila cheki kwanza kama mwalimu wako anaruhusu hiyo kanuni ya "mwisho haupo basi mwanzo haupo", wengine wanataka uipruvu kwanza, na ukiipruvu unajikuta umeandika ile ile ya kwangu.