Mkaa wa vijiti vya kahawa ndani ya kopo

Mnaopogoa kahawa huku Kibosho, vijiti msivichome ovyo. Vikaushe, vikatekate, vijaze kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa mfuniko tundu moja la msumari, kisha weka kopo katikati ya moto wa mafiga, nje ya nyumba. Humo ndani hewa ni haba, kwa hiyo kijiti hakiwaki: joto linafukuza maji kwanza (utaona mvuke mweupe), halafu gesi na lami, kinachobaki zaidi ni kaboni. Gesi ikitoka tunduni inashika moto na kuwaka kama kibatari, na kuni unaokoa kidogo. Mwali huo ukizimika wenyewe, mkaa umeiva. Epua, ziba tundu kwa udongo, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Ukiwa na pupa hewa inaingia, unaambulia majivu. Vijiti vibichi havifai, vinamaliza kuni tu. Na tundu lisikosekane, kopo lililobanwa kabisa linaweza kulipuka. Magunzi nayo yanakubali. Kama mkaa ni wa kutia kwenye migomba, uponde na uuloweke kwanza kwenye maji ya samadi, la sivyo mkaa huo utaanza kwa kunyonya rutuba ya shamba.