Hafsa si simba jike: namna ya kuhakiki jina la binti kwenye kamusi ya Kiarabu

Wazazi wengi hunijia na orodha za majina walizozitoa mtandaoni, na karibu kila orodha ina mstari huu: "Hafsa, simba jike." Juzi nimemsaidia baba mmoja aliyekuwa anakimbizana na akika ya siku ya saba, nikaona heri niuandike utaratibu wote.

Hatua ya 1: Lipate jina kwa herufi za Kiarabu

H yetu imebeba ح na ه, na s imebeba س na ص. Hafsa ni حفصة, kwa ha ya kooni na swadi. Ukiandika هفسة hupati kitu.

Hatua ya 2: Toa mzizi, yaani herufi za asili za neno

Ondoa ta marbuta, ile herufi ة ya mwisho. Zinabaki ح ف ص.

Hatua ya 3: Fungua kamusi

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, aliyefariki 1311, imepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Kwa hiyo Hafsa utaikuta mlango (sura) wa swadi, usihangaike na ha. Simba jike mwenyewe, labua (لبؤة), yuko mlango wa herufi ya hamza (ء), kwa sababu mzizi ni ل ب أ. Wengi wamezoea kusikia "labwa", basi huenda kumtafuta kwenye herufi ya waw (و) wakarudi mikono mitupu. Ukitaka kujua kama umefika, angalia kama kwenye mzizi huohuo kuna neno liba', yaani dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mnyama aliyezaa. Ukiiona dang'a, simba hayuko mbali.

Ila angalia toleo ulilonalo. La wachapishaji Dar Sadir wa Beirut limefuata mpango wa asili. La wachapishaji Dar al-Maarif wa Cairo limepangwa upya kwa herufi ya kwanza. Watu wawili wakielekezana kwa simu, kila mmoja na toleo lake, watagombana bure.

Anayesoma Kiingereza atashawishika na kamusi ya Edward Lane. Ni nzuri sana, lakini Lane alifariki 1876, na kuanzia herufi ya qaf kazi imebaki pungufu. Ilimaliziwa kwa madokezo yake na Stanley Lane-Poole, mjukuu wa dada yake. Lamu (ل), herufi ya kwanza ya labua, inakuja baada ya qaf. Itumie kwa Hafsa, kwa labua usiitegemee.

Anayeanza namwambia achukue al-Mu'jam al-Wasit, ya Chuo cha Lugha ya Kiarabu cha Cairo. Imepangwa kwa herufi ya kwanza. Zile programu za simu za majina ya watoto, zifute.

Hatua ya 4: Soma maelezo ya neno hadi mwisho

Hafs ni mtoto wa simba, na pia kikapu cha ngozi. Hafsa je? Kamusi za kale zina riwaya, tena yenye mashaka, kwamba ni jina la fisi, na Umm Hafsa ni kuku! Usishtuke. Watu humwita binti Hafsa kwa ajili ya Hafsa bint Umar, mke wa Mtume, na hiyo inatosha kabisa. Baba yake, Umar, kuniya yake, yaani jina la heshima la "baba wa fulani", ilikuwa Abu Hafs.

Hatua ya 5: Uliza wanaoisema lugha

Kamusi haikwambii kila kitu. Misri, kumwita mwanamke "labwa" ni tusi zito. Msimpe mtoto.

Hatua ya 6: Chagua

Ukitaka jina la simba, Asada lipo kwenye kamusi kama jike la asad, simba, ila sijamsikia mtu mwenye jina hilo. Mimi napendelea Laitha, kutokana na laith, simba. Jihadhari na Usama, Hamza na Haidara, majina mengine ya simba: yote yana ta marbuta mwishoni, na yote ni ya kiume. Haidara ndilo Ali alilojitapia kwenye vita vya Khaybar, akisema mama yake ndiye aliyemwita hivyo. Na mama huyo ni Fatima bint Asad.

Mkienda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, Laitha iwe na th. Karani akiandika Laisa, mrekebishe kabla hajagonga muhuri.