Jinsi ya Kuchora Ramani ya Vita vya Hattin, 1187

Ramani nyingi za vita hivi, ambamo Sultani Salahuddin aliwashinda Wakristo wa Ufalme wa Yerusalemu, huanza na mishale. Mimi ninapowaandalia wanafunzi naanza na maji, maana kuyakosa ndiko kulikowamaliza Watempla, watawa wapiganaji wa Kikristo waliosifika kwa nidhamu.

Hatua ya 1. Laza karatasi. Magharibi weka Saffuriya, mashariki weka Tiberia kando ya Ziwa la Galilaya. Baina yake ni kama kilomita 25, kwa hiyo skeli ya sentimita 1 kwa kilomita 1 inatosha.

Hatua ya 2. Paka buluu penye maji tu: chemchemi za Saffuriya, ile ndogo ya Turan njiani, ya kijiji cha Hattin, na ziwa lenyewe. Kwingine acha peupe. Julai huko ni kiangazi kikali.

Hatua ya 3. Pale Saffuriya andika jeshi la Guy de Lusignan, mfalme wa Yerusalemu: watu kama 20,000, mashujaa wapanda farasi kama 1,200. Pembeni eleza usiku wa kuamkia 3 Julai. Salahuddin alikuwa ameizingira Tiberia, na mke wa Raymond wa Tripoli, mmoja wa wakuu wa jeshi la Guy, amekwama ngomeni. Hata hivyo Raymond mwenyewe alishauri wasiondoke penye maji. Usiku huo Gerard de Ridefort, mkuu wa Watempla, akamgeuza mfalme nia, waende Tiberia. Huyu ndiye aliyewaangamiza karibu mashujaa wake wote pale kwenye chemchemi ya Cresson miezi miwili nyuma, alipovamia jeshi kubwa akiwa na wachache. Sijaona sababu ya kumtetea.

Hatua ya 4. Chora msafara: Raymond mbele, mfalme katikati, Watempla nyuma pamoja na Balian wa Ibelin, mkuu mwingine wa mfalme. Mishale ya Salahuddin ielekeze kwenye kundi hilo la nyuma, mingi. Wapanda farasi wake walirusha mishale na kukimbia, wakarudi tena, hadi kundi la nyuma likashindwa kwenda na msafara wote ukalala njiani, mahali paitwapo Maskana, bila maji. Nguvu ya Watempla ilikuwa kuvamia kwa pamoja juu ya farasi; farasi mwenye kiu havamii.

Hatua ya 5. Tarehe 4 weka moshi wa nyasi zilizochomwa na watu wa Salahuddin, kisha vilele viwili vya Pembe za Hattin, mfalme alikotekwa. Watempla na watawa wa Hospitali, kundi jingine la watawa wapiganaji, waliotekwa, kama 200, waliuawa baadaye. Gerard aliachwa hai.

Hatua ya 6. Ukingo wa kusini chora mshale kwenda Yerusalemu, uandike 2 Oktoba, siku mji huo ulipoingia mikononi mwa Salahuddin. Ngome nyingi za ufalme zilibaki na walinzi wachache, kwa kuwa askari wao walikuwa wameitwa Saffuriya.