Kiingereza cha Kijitabu cha Mazishi: Jinsi ya Kukikagua Neno kwa Neno

Kazi yangu ni kuandika na kupanga vijitabu vya mazishi hapa Kakamega. Wanaokuja huwa wamebeba daftari, picha chache kwenye simu, na haraka, kwa kuwa mazishi ni Jumamosi. Siku yenyewe watu watalia na kuhubiri kwa Kiluhya, Kijaluo au Kiswahili, lakini kijitabu lazima kiwe cha Kiingereza, na Kiingereza hicho huokotwa kwenye kijitabu cha msiba uliopita. Ndiyo maana kosa moja huzunguka kutoka Mumias hadi Vihiga, kisha likateremka hadi Kisumu.

Wazee wengi hawataandikiwa kitabu kingine maishani. Hiki hufungiwa kabatini pamoja na hati za shamba, na wajukuu hukisoma wakiwa wakubwa. Nakiheshimu kwa sababu hiyo, na hivi ndivyo ninavyokishughulikia.

Hatua ya 1: Kusanya habari kabla ya kugusa Kiingereza

Keti na watu wawili wa familia, mmoja wao awe mzee anayejua ukoo. Andika kwa lugha wanayoizungumza: alizaliwa wapi, wazazi ni nani, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alioa au kuolewa lini, watoto walio hai na waliotangulia, aliugua nini ikiwa familia inataka isemwe. Usifungue sampuli ya zamani bado. Ukiifungua mapema, hiyo sampuli ndiyo itakayokuamulia marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Hatua ya 2: Ziite sehemu kwa majina yake

Maneno manne huchanganywa sana. "Obituary" ni tangazo la kifo, lile la gazetini. "Eulogy" imetoka kwa Wagiriki, maana yake maneno mema juu ya mtu. Kwetu ndiyo wasifu unaosomwa mbele ya jeneza. "Epitaph" ni maandishi ya juu ya kaburi. "Elegy" ni shairi la maombolezo. Nimeona majalada yaliyoandikwa "Elegy of Mama", na ndani hamna hata ubeti mmoja. Rekebisha, usonge mbele.

Hatua ya 3: Sentensi ya tanzia

Hapa ndipo maneno mazito hurundikana, kwa hiyo nenda polepole.

Anza na "untimely demise". "Demise" lilikuwa neno la wanasheria wa Uingereza: kuhamisha haki ya ardhi, au taji kumwendea mrithi mfalme anapokufa. Leo linamaanisha kifo, na si kosa kulitumia, ila halibebi huzuni yoyote. Mimi huandika "death". Kuhusu "untimely", hicho ni kifo kilichokuja kabla ya wakati wake. Mzee wa miaka 94 aliyezungukwa na vitukuu hakufa hivyo, na kusema hivyo ni kumnyima sifa ya maisha marefu aliyojaliwa.

"Promoted to glory" ni usemi wa Jeshi la Wokovu, kanisa lenye mizizi mirefu huku kwetu. Makao makuu ya eneo lake la Kenya Magharibi yako papa hapa Kakamega. Kwao ni tamko la imani: askari amepandishwa cheo na Bwana wake. Kama marehemu alivaa sare ile, liandike bila wasiwasi. Kama alikuwa wa kanisa lingine, muulize mchungaji wake kwanza. Familia za Wafrendi (kanisa la Quakers), ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, hukubali haraka nikipendekeza "died". Wafrendi wa kale walisifika kwa kukataa vyeo na maneno ya kujipamba, na huo ni urithi mzuri wa kuendeleza kwenye kijitabu.

Ugonjwa uliovumiliwa ni "bravely borne", kwa e mwishoni. Ukiiacha e hiyo, umeandika habari ya kuzaliwa.

"Cortege" ni msafara. Neno lilipitia Ufaransa kutoka Italia, likihusu wafuasi wa mtu mkubwa wa ikulu. Kwa hiyo msafara unaweza kuondoka mochari, lakini hauwezi kutazamwa ndani ya jeneza wala kuteremshwa kaburini. Anayeteremshwa ni "the body". Na ukitaja saa ya kuondoka, angalia mara mbili: saa tatu asubuhi ya katibu wa kamati ni "9 a.m.", na nimekutana na rasimu iliyoandika "3 a.m." kwa sababu mwandishi alihamisha tarakimu badala ya saa.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni "internment". Kuzika ni "interment", na ndani yake mna neno la Kilatini la ardhi. "Internment", yenye n moja zaidi, ni kuwaweka watu kizuizini bila kesi, kama Marekani ilivyowafanyia raia wake wenye asili ya Japani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kompyuta haitakuonya, maana yote mawili ni maneno sahihi. Tafuta neno hilo kwa macho yako katika kila ukurasa, au andika "burial" upumzike.

"Lie in state" waachie viongozi ambao miili yao huwekwa hadharani kitaifa, kama Moi mwaka 2020 na Kibaki mwaka 2022 katika majengo ya Bunge. Mwili unaolala nyumbani usiku wa mkesha hauhitaji maneno hayo.

Hatua ya 4: Familia

Kiswahili kinaturuhusu kusema "marehemu alizaliwa Butere" bila kutaja jina. Tukihamisha mtindo huo tunapata "The late was born in Butere", na Kiingereza hakiukubali: "late" lazima lifuatwe na jina au cheo. Taja jina lake. Kwa kweli litaje mara nyingi, kwani wasifu ni wake.

"Née" ni Kifaransa, "aliyezaliwa", kwa mwanamke. Linatangulia jina la ukoo aliozaliwa nao, yaani jina la babake. Mama aliyeitwa Atieno kwa kuzaliwa usiku bado ni Atieno baada ya kuolewa, kwa hiyo "née Atieno" haimwambii msomaji ametoka kwa nani. Na wakwe waliosafiri kutoka Siaya huja wakilitafuta hilo hasa.

"Relict" utaliona katika sampuli zilizonakiliwa kutoka makaburi ya zamani ya Uingereza. Lilimaanisha mjane, aliyeachwa. Kwa msomaji wa leo linasikika kama mabaki ya kale. Andika "widow".

"Survived by" ni orodha ya walio hai peke yao. Mtoto aliyetangulia haachwi nje. Anawekewa mstari wake, "predeceased by", jina lake likiwa kamili.

Sasa lile gumu. Katika boma la wake wawili au watatu, wapo vijana wa kamati wanaowaita watoto wa nyumba nyingine "stepchildren". Kama aliyekufa ni baba, neno hilo ni uongo mtupu: wote ni watoto wake. Kama aliyekufa ni mama mmojawapo, waliomwita mama tangu utotoni watalisoma mbele ya watu. Kile kipande "step" katika Kiingereza cha kale kilihusu yatima, na uchungu huo haujaisha. Mimi huorodhesha watoto kwa nyumba, kwa mpangilio wa ndoa, chini ya kichwa kimoja cha "children". Lakini mpangilio huo sijipangii mwenyewe. Nauchapisha kwenye karatasi, wazee wanausoma, wanakubaliana, ndipo naendelea. Nimeshuhudia kijitabu kikitolewa kabatini miaka baadaye katika mzozo wa shamba, kidole kikiwekwa juu ya neno moja.

Hatua ya 5: Kiingereza cha Biblia

Wengi hupenda kuaga kwa "thou" na "thy". Fanyeni hivyo mkipenda, ila kwa kanuni zake. "Thou" ni wewe mmoja unayetenda, "thee" ni wewe unayetendewa, "thy" ni ya kwako, na "ye" ni ninyi. Kitenzi hufuata: "thou hast", si "thou hath", kwa sababu "hath" ni ya yeye. "Thy has left us" haina maana yoyote. Mkikwama, "Fare thee well" ni fupi na sahihi.

Na "ashes to ashes, dust to dust" msiiandikie aya ya Biblia pembeni. Ni maneno ya Kitabu cha Sala cha Waanglikana. Mkitaka aya, Mwanzo 3:19 ndiyo yenye mavumbi.

Hatua ya 6: Msomaji asome kwa sauti

Chapisha nakala moja na umpe yule atakayesoma wasifu siku ya mazishi, mara nyingi binti mkubwa au mpwa. Asome wote kwa sauti, mbele yako. Kila anapojikwaa, weka alama. Neno lililomkwaza dukani litamkwaza zaidi akiwa na machozi, kwa hiyo libadilishe hata kama ni sahihi.

Baada ya hapo katibu wa kamati atie sahihi kwenye nakala hiyo, na mabadiliko yoyote yapitie kwake peke yake. Usiku kabla ya kuchapisha simu zitaingia kutoka Nairobi na Mombasa, kila mtu akitaka kuongeza jina. Waelekeze kwa katibu, kwa upole.