Kusafisha mfumo wa kupoza injini ya lori kwa vitu vya jikoni

Kabla hujafungua boksi la sabuni, vaa glavu, fungua tangi la kulanti (kimiminika cha kupoza injini) injini ikiwa imepoa kabisa, kisha pitisha kidole kwenye ukuta wake wa ndani. Kitakachoganda kwenye kidole ndicho kitakachokuambia utumie dawa gani.

Hatua ya 1: Utambue uchafu

Ute mzito wa kahawia unaoteleza ni oili iliyovurugana na kulanti. Huo ni wa sabuni. Siki haikati mafuta. Maji mekundu yenye unga chini ni kutu. Magamba meupe magumu, kama yale ya ndani ya birika, ni chumvi za kalsiamu na magnesiamu zilizoachwa na maji ya bomba au kisima. Kutu na magamba vinataka asidi. Ukikuta oili na kutu pamoja, anza na sabuni, kwa sababu asidi haifiki kwenye chuma kilichofunikwa na mafuta.

Oili haiingii kwenye maji bila kupata mlango. Kagua kipoza-oili, gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na hedi, kichwa chake), na kwa lori la gia za otomatiki, kile kipoza-mafuta ya gia kilichomo ndani ya rejeta, ile inayopozea kulanti kwa upepo (ute wake huelekea kuwa wa pinki). Ziba mlango huo kwanza, la sivyo utasafisha leo na ute utarudi.

Bonyeza na mipira yote inayopitisha kulanti. Mpira ulionyonya oili huvimba na kulainika, na ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole. Huo ni wa kubadilishwa, lakini usafishe mfumo ukiwa na ule wa zamani na mpya uufunge mwishoni. Hakuna haja ya kuulisha mpira mpya mafuta.

Hatua ya 2: Chagua dawa

Kwa oili, tumia sabuni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo, isiyo na klorini. Imetengenezwa isitoe povu, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono inakata mafuta vizuri, ila pampu ya maji haiwezi kusukuma povu: injini itachemsha, na povu litafurika kwenye tangi kila ukisuuza.

Kwa kutu na magamba, tumia asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa kila lita ya maji, au siki nyeupe ya asilimia 5 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Mimi huchagua sitriki. Mfumo wa lori unameza siki dumu kwa dumu.

Dawa ya choo, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na kostiki soda zibaki ndani ya nyumba. Zote zinakula alumini, na rejeta nyingi za sasa ni za alumini. Tena klorini ikikutana na siki au asidi yoyote hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu.

Hatua ya 3: Mwaga kulanti ya zamani

Mfumo wenye kifuniko cha shinikizo la baa 1 unaweza kushikilia maji bila kuchemka hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Ukifungua ikiwa moto, shinikizo linaondoka ghafla na maji yanakurukia usoni. Subiri ipoe.

Weka beseni pana, fungua koki ya chini ya rejeta kwa mkono (nyingi ni za plastiki, koleo huzivunja), halafu plagi za bloku. Kulanti ya ethilini glikoli ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo mbwa na watoto huinywa. Usiimwage mtaroni. Itie kwenye madumu yenye vifuniko, uyaandike, na uyapeleke panapopokelewa taka za magari.

Hatua ya 4: Sabuni

Toa themostati (vali inayofunguka kwa joto) na urudishe kifuniko chake. Ikibaki ndani, itafunga njia ya rejeta hadi maji yapate moto. Weka hita ya kabini kwenye joto la mwisho ili nako maji yapite. Tangi livue ulioshe pembeni, maana oili huelea na nyingi hukaa humo.

Yeyusha vikombe 2 vya sabuni katika ndoo ya maji ya moto. Hicho ni kipimo cha mfumo wa lita 20 hivi. Mimina, jalizia maji, washa injini. Bila themostati itachelewa kupata moto, kwa hiyo ziba uso wa rejeta kwa kipande cha boksi na usiondoe macho kwenye geji ya joto. Dakika 20 hadi 30 za moto zinatosha. Zima, subiri hadi uweze kushika mpira wa juu bila kuungua, kisha mwaga maji yakiwa bado vuguvugu. Yakipoa kabisa, mafuta yanarudi kuganda kwenye kuta. Usilaze sabuni hii humo usiku kucha, ni kali kwa alumini.

Rudia hadi maji yatoke bila ute. Kama oili ilikuwa nyingi, jiandae kurudia mara kadhaa. Na kamwe usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka.

Hatua ya 5: Asidi, kama inahitajika

Utaratibu ni uleule, dakika 30 za moto. Rejeta kuukuu inaweza kuanza kuvuja baada ya hapa, kwa kuwa magamba ndiyo yaliyokuwa yameziba matundu. Mwaga, suuza mara moja, kisha tia nusu kikombe cha bekingi soda iliyoyeyushwa ili kuua mabaki ya asidi. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa na kifuniko kikiwa wazi, maana itatoa gesi.

Hatua ya 6: Suuza

Hapa ndipo wengi huharakisha. Kinga maji yanayotoka kwenye chupa safi, funga, tikisa. Povu likisimama juu, sabuni bado ipo. Baada ya asidi tumia karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi): maji yanayotoka yasomeke sawa na yanayoingia. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi).

Hatua ya 7: Jaza

Funga themostati mpya na mipira mipya. Lori lenye filta ya kulanti lipate filta mpya.

Bloku hubaki na lita kadhaa za maji hata baada ya kumwaga, kwa hiyo ukimimina kulanti iliyokwisha kuchanganywa itakuwa nyepesi mno. Soma ujazo wa mfumo kwenye kitabu cha lori, mimina kwanza kulanti halisi kiasi cha nusu yake, kisha malizia na maji yaliyotoneshwa. Dizeli zenye laina (mirija ya silinda inayovalishwa ndani ya bloku) zinazoguswa na maji zinataka kulanti yenye kinga ya laina, la sivyo viputo huzitoboa polepole.

Pandisha pua ya lori, fungua skrubu za kutolea hewa, washa injini na ukandekande mpira wa juu. Hita ikipuliza baridi wakati geji inaonyesha moto, hewa bado imo. Ikipoa, jalizia, na ukague tena baada ya safari ya kwanza.